Takwimu Zinapanda Wilayani, Lini Zitashuka Zahanati?

Hotuba hii niliitoa kwenye mkutano wa watoa huduma wa vituo vya ngazi ya msingi. Wengi walikuwa zamu siku ile, na baadhi wameomba kuisoma. Naiweka hapa nzima.

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mganga Mkuu wa Wilaya, waganga wafawidhi, wauguzi na wakunga, wataalamu wa maabara na wa dawa, na ninyi watunza kumbukumbu ambao mara nyingi husahauliwa kwenye salamu: habari za asubuhi.

Naomba nianze kwa kuwauliza swali. Ni nani hapa ambaye kituoni kwake hakuna Mwongozo wa Matibabu? Sioni mkono. Vizuri. Kila mahali upo: kabatini, mezani, siku hizi hata kwenye simu.

Swali la pili. Ni nani hapa anayejua, kwa namba, ni watoto wangapi wa kuhara waliotoka kituoni kwake mwezi uliopita wakiwa na ORS na zinki, kama mwongozo unavyotaka? Naona mikono miwili. Nawapongeza hao wawili, na nitakuja kuwatafuta wakati wa chai. Kwa sisi wengine wote, ndugu zangu, huo ndio mjadala wa leo. Mwongozo tunao. Tunachokosa ni kujua kama unamfikia mgonjwa.

Na asije mtu akasema hili ni tatizo la zahanati za vijijini. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani walichapisha kazi kubwa. Walipitia majalada ya watu wazima kutoka miji mikubwa 12, wakalinganisha huduma waliyopewa na vigezo 439 vya tiba bora kwa maradhi na hali 30. Walikuta nini? Kati ya huduma ambazo watu wale walistahili kupewa, walipata asilimia 54.9 tu. Miaka tisa baadaye, mwaka 2012, Australia nao wakajipima kwa njia inayofanana na hiyo, wakapata asilimia 57. Hizo ni nchi zenye madaktari, maabara na fedha. Kwa hiyo pengo kati ya kilichoandikwa na kinachofanyika liko kila mahali. Tofauti ni kwamba wenzetu walikaa wakalihesabu.

Sasa tuje nyumbani.

Mnakumbuka enzi zile kila homa ilikuwa malaria? Mtu akiingia anatetemeka, kabla hajakaa kitini dawa imeshaandikwa. Novemba 2004 ulitoka utafiti uliofanyika katika hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania. Watafiti waliwafuatilia wagonjwa 4,474 waliolazwa katika hali mbaya na kutibiwa kama wagonjwa wa malaria kali. Damu ya kila mmoja ikachunguzwa kwa darubini. Waliokutwa na vimelea vya malaria walikuwa 2,062. Waliobaki, 2,412, hawakuwa na malaria. Zaidi ya nusu, jamani! Zaidi ya nusu ya waliokuwa wanatibiwa malaria kali hawakuwa na malaria.

Walikuwa na nini, basi? Kwa vyovyote walikuwa na kitu, kwa sababu walikuwa wanakufa. Wenye malaria walifariki 142, yaani asilimia 6.9. Wasio na malaria walifariki 292, asilimia 12.1. Naomba mzisikilize tena namba hizo. Ambao hawakuwa na ugonjwa tuliokuwa tunawatibia walikufa karibu mara mbili ya waliokuwa nao. Na takribani theluthi mbili ya hao wasio na malaria hawakupewa antibayotiki. Mtoto mwenye maambukizi ya bakteria kwenye damu alikuwa amelala wodini, dripu ya kwinini inashuka, ndugu zake wanaamini anatibiwa.

Je, waganga wale walikuwa wazembe? Hapana. Nimefanya kazi na watu wa rika lao, najua walivyokesha. Tatizo lilikuwa kwamba hakuna aliyekuwa anaziona namba hizi. Kila mganga alimwona mgonjwa wake mmoja mmoja. Akipona, malaria imepona. Akifariki, malaria imemuua. Ukimwangalia mgonjwa mmoja peke yake, huwezi kujua kama umekosea. Ni mpaka uwapange wagonjwa wote mstari kwa mstari: huyu alikuja na nini, kipimo kilisema nini, alipewa nini, aliishia wapi. Vitu vinne tu. Hapo ndipo ukweli ulipojitokeza, na hauwezi tena kufichika.

Hapa nataka watunza kumbukumbu mnisikilize kwa makini, kwa sababu hapa ndipo kazi yenu inapogusa uhai wa mtu.

Kila mwisho wa mwezi tunafanya nini? Tunajumlisha. Tunachukua vitabu vya MTUHA, yaani rejesta zetu za wagonjwa, tunahesabu vijistari, tunajaza ripoti, inakwenda wilayani, inaingizwa kwenye DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya. Waliopimwa malaria, 100. Waliokutwa nayo, 20. Dozi za dawa mseto zilizotolewa, 20. Ukiangalia ripoti hiyo unafurahi: ishirini kwa ishirini, mwongozo umefuatwa! Lakini nani kasema ni watu wale wale? Inawezekana kumi wenye malaria waliondoka bila dawa mseto, na kumi wasio na malaria wakapewa. Jumla itabaki ishirini kwa ishirini. Ripoti itakuwa safi, na wagonjwa ishirini watakuwa wametibiwa vibaya.

Jumla haiwezi kukujibu kama mwongozo umefuatwa. Kinachojibu ni mstari. Na mstari mnao! Kitabu cha MTUHA namba 5, cha wagonjwa wa nje, kina umri wa mgonjwa, kipimo, ugonjwa na dawa, vyote kwenye mstari mmoja. Kitabu namba 12 cha wodi ya wazazi nacho ni hivyo hivyo. Taarifa tunayoililia tumeiandika kwa mikono yetu wenyewe. Kisha tunaijumlisha, tunaipandisha juu, na kitabu kinarudi kabatini. Takwimu zinapanda. Zinapanda wilayani, zinapanda mkoani, zinapanda wizarani. Lini zilishuka? Ni nani kati yenu aliyewahi kupokea karatasi kutoka juu inayosema: mganga, kati ya watoto uliowapima malaria wakakutwa hawana, hawa kadhaa uliwapa dawa ya malaria hata hivyo, tukae tujue kwa nini?

Tuendelee na kisa cha homa, maana hakikuishia pale. Vikaja vipimo vya haraka, mRDT. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likasema wazi: kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza. Tukadhani tumemaliza. Lakini kabla hata ya tamko hilo, mwaka 2007, jaribio lililofanyika hapa hapa Tanzania lilikuwa limeshatuonya: waliopimwa wakakutwa hawana malaria, zaidi ya nusu yao waliandikiwa dawa ya malaria. Kipimo kipo, jibu lipo, na mkono wa mganga unaandika kinyume cha jibu. Je, ni ukaidi? Mimi naamini ilikuwa hofu. Kama umefundishwa miaka ishirini kwamba homa isiyotibiwa kama malaria inaua, huwezi kuacha kwa sababu ya kijipande cha plastiki. Kilichosaidia baadaye ni waganga kuona kwa namba zao wenyewe kwamba watoto wasio na malaria, wasipopewa dawa ya malaria, hawafi.

Na tukafanikiwa. Lakini tazama kilichotokea upande wa pili. Mgonjwa akikutwa hana malaria, anatoka na nini? Antibayotiki. Ninyi mnajua, na wananchi mitaani wanajua: siku hizi ukiambiwa huna malaria, unaambiwa una UTI. Mwaka 2014 yalichapishwa matokeo ya watoto 1,005 wenye homa wa Dar es Salaam na Ifakara, waliochunguzwa kwa kina kuliko tunavyoweza kufanya kwenye vituo vyetu. Waliokuwa na malaria walikuwa kama asilimia 10 tu ya watoto hao. Wengi walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, na sehemu kubwa yalikuwa ya virusi, ambayo antibayotiki haiyagusi kabisa. Kwa hiyo tumeacha kumwagia dawa mseto watoto wasiohitaji, tukaanza kuwamwagia amoksilini. Usugu wa vimelea dhidi ya dawa tunaoulalamikia unaanzia kwenye mistari ya kitabu namba 5.

Je, inaweza kubadilika? Inaweza, na ushahidi umetoka Mbeya na Morogoro. Matokeo ya jaribio lililofanyika katika vituo 40 yalichapishwa 2024. Nusu ya vituo walipewa kishikwambi chenye mwongozo ndani yake, kinachomwongoza mganga hatua kwa hatua mbele ya mtoto. Kwenye vituo vya kawaida, watoto asilimia 70.1 waliandikiwa antibayotiki. Kwenye vituo vyenye kishikwambi, asilimia 23.2. Na watoto wale hawakudhurika kwa kunyimwa dawa wasiyoihitaji. Najua mnawaza: sisi kishikwambi tutakitoa wapi? Swali la haki. Mimi nachukua funzo moja tu hapo: yule mwenye kishikwambi alihesabiwa, na wa kawaida alihesabiwa. Bila kuhesabu tusingejua kwamba tuko kwenye 70.

Sasa naomba niongee jambo gumu kidogo. Namba zinaweza kudanganya, na mara nyingi zinadanganya kwa sababu sisi wakubwa tumezilazimisha.

Kwenye zahanati moja nilifungua rejesta nikakuta joto la mwili la kila mgonjwa ni 36.5. Wiki ya kwanza 36.5. Wiki ya pili 36.5. Mtoto mwenye degedege, 36.5! Nikamuuliza dada muuguzi kwa upole. Akanijibu: "Kaka, kipimajoto kilivunjika. Na wakaguzi wakija wakakuta sehemu iko wazi, tunasemwa." Niambieni, hapo mwenye kosa ni nani? Tulimfundisha dada yule kwamba kuacha wazi ni dhambi kuliko kuandika uongo. Naye akatii.

Ndiyo maana mchambuzi mzuri wa takwimu, kabla ya kuuliza kama mwongozo umefuatwa, anauliza kama namba zina uhai. Mwongozo wa watoto unasema mtoto wa miezi 2 hadi 11 akipumua mara 50 au zaidi kwa dakika, anapumua haraka; wa miezi 12 hadi 59, ni mara 40 au zaidi. Watoto wa kweli hupumua 37, 44, 52, 61. Ukikuta ukurasa mzima ni 30, 40, 30, 40, ujue hakuna aliyeshika saa na kuhesabu dakika nzima. Ukikuta patografu, ile chati ya kumfuatilia mama mwenye uchungu, ambayo mapigo ya moyo wa mtoto ni 140 tangu magharibi hadi alfajiri, ujue imejazwa mama akiwa ameshajifungua. Namba za kweli huyumba.

Kuna kosa jingine, nalo linawaumiza watu wasio na hatia. Kwenye kituo kingine tulikuta watoto wengi wa kuhara hawakupewa zinki. Aliyekuwa nami alishaanza kuandika: "watumishi hawafuati mwongozo." Tukaipanga mistari kwa tarehe. Zinki ilikoma siku moja, ikarudi siku moja. Katikati, hakuna hata mtoto mmoja aliyepewa. Tukafungua leja ya stoo: tarehe zile zile, zinki hakuna. Ombi lilikuwa limepelekwa mapema, na dawa haikuja. Mganga angefanya nini? Kwa hiyo ukikuta mwongozo haukufuatwa, usianze na jina la mtu. Anza na tarehe, kisha stoo, kisha zamu. Jina liwe la mwisho, na mara nyingi hutalifikia. Tena kuna mgonjwa ambaye kumtibu nje ya mwongozo ndiyo tiba sahihi: ana mzio wa dawa, ana ugonjwa mwingine, amerudi baada ya dawa ya kwanza kushindwa. Mganga aandike sababu, na sisi tuisome.

Wakunga wangu, sikuwasahau. Kisa hiki ni chenu, na kwangu mimi ndicho kikubwa kuliko vyote.

Kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua kunawaua mama zetu. Dawa tunazo: oksitosini, asidi ya traneksamiki, dripu. Mikono ya kuchua mfuko wa uzazi tunayo. Mwongozo upo miaka yote. Kwa nini basi wanaendelea kufa? Tulikuwa tunakisia damu kwa macho. Na jicho la mwanadamu, hata la mkunga mzoefu, huona damu pungufu kuliko iliyotoka, kwa sababu damu inanywewa na kanga, inamwagika sakafuni, inachanganyika na maji. Ikifika kwenye macho kwamba ni nyingi, mama ameshapauka. Tena hatua tulizichukua moja moja: tuchue kwanza, tusubiri, tuchome sindano, tusubiri, tuite daktari, tusubiri.

Katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania yetu, jaribio liitwalo E-MOTIVE, ambalo matokeo yake yalichapishwa 2023, lilihusisha wanawake zaidi ya 210,000 waliojifungua kwa njia ya kawaida. Nusu ya hospitali waliweka chini ya mama karatasi ya plastiki yenye mfuko na mistari ya kupimia. Damu inaingia mfukoni, mkunga anasoma mstari. Ikithibitika ni nyingi, hatua zote zinafanyika kwa pamoja, papo hapo. Na kila mwezi timu inaletewa takwimu zake yenyewe: wangapi walitokwa damu, wangapi mligundua, wangapi mliwapa hatua zote.

Sikilizeni matokeo. Hospitali za kawaida ziligundua karibu nusu tu ya waliotokwa damu nyingi, asilimia 51.1. Waliopata hatua zote kwa pamoja, asilimia 19.4. Kwenye hospitali zenye mfuko: waligundua asilimia 93.1, na hatua zote zikatolewa kwa asilimia 91.2. Na akina mama je? Waliopata madhara makubwa, yaani kupoteza lita nzima ya damu au zaidi, kupasuliwa tumbo kwa sababu ya damu, au kufariki kwa damu, walishuka kutoka asilimia 4.3 hadi 1.6. Upungufu wa asilimia 60!

Hakuna aliyegundua dawa mpya pale. Dawa zilikuwa zile zile. Wakunga walikuwa wale wale. Kilichoongezeka ni kipimo kitandani, utaratibu wa kufanya vyote kwa pamoja, na takwimu zilizoshuka kila mwezi kuwarudia walioziandika. Asilimia 19 hadi asilimia 91. Nani atasema tena kwamba wauguzi wa Afrika hawafuati miongozo?

Jirani zetu Kenya walilielewa hili mapema. Katika hospitali 8 za wilaya walijaribu kwa mwaka mmoja na nusu: nne wakapewa mafunzo, fomu nzuri ya kumpokea mtoto, usimamizi wa karibu na ripoti za kazi yao, nne nyingine wakapewa kidogo. Matokeo yalichapishwa 2011. Watoto waliopewa dozi pungufu ya gentamaisini walikuwa asilimia 9 kwenye hospitali za kulinganishia, na 2.2 kwenye zile zilizosaidiwa. Waliozidishiwa kwinini, asilimia 7.5 kwenye zile za kulinganishia, na 1 kwenye zilizosaidiwa. Baadaye, tangu 2013, wakajenga mtandao wa hospitali za kaunti ambapo taarifa za watoto waliolazwa zinachambuliwa na kurudishwa kwa madaktari na wauguzi wa wodi ile ile, wakae, wazijadili. Nimependa sana kwamba hawarudishi kwa mkurugenzi peke yake. Wodi inajiona.

Hapa nawaomba wakubwa wenzangu mniwie radhi, lakini lazima niseme. Siku tutakapotumia namba hizi kukata posho, kuhamisha watu na kuwasoma majina mbele ya kikao, siku hiyo rejesta zitapendeza na wagonjwa watabaki walivyo. Kila joto litakuwa 36.5. Tutakuwa tumeua kitu pekee kinachotuonyesha ukweli. Takwimu hizi ni kioo cha kituo. Anayetaka kukitumia kama fimbo atakivunja, na hatajiona tena.

Basi tufanye nini tukirudi kazini? Sitawapa mambo mengi. Chagueni swali moja tu, moja lenye jibu ndani ya mwongozo. Mtoto wa kuhara alipata ORS na zinki? Aliyekutwa hana malaria aliandikiwa dawa ya malaria? Mwenye mafua na kikohozi, anayepumua kawaida, alipewa antibayotiki? Fungueni rejesta, hesabuni mistari 30 ya mwisho inayohusu swali hilo. Hiyo 30 ndiyo asili ya sehemu yenu, yaani namba ya chini mnayogawia kupata asilimia. Msichanganye humo wagonjwa wasiohusika, maana asili ikikosewa asilimia nzima inapotea. Hesabuni waliotibiwa kama mwongozo unavyosema. Kwa kalamu na karatasi, ni kazi isiyozidi saa moja. Kisha kaeni wote, mganga, muuguzi, mtu wa maabara, mtoa dawa na mtunza kumbukumbu, muulizane: hawa waliokosa, walikosa kwa nini? Mwezi unaofuata hesabuni tena swali lile lile.

Na wenye mifumo ya kompyuta vituoni mwao, waulizeni wataalamu wa TEHAMA swali hili: je, mimi mganga naweza kuona wagonjwa wangu mwenyewe mstari kwa mstari, au mfumo unajua kutuma juu tu? Kama unajua kutuma juu tu, ombeni ubadilishwe. Msione haya kuomba. Taarifa ni zenu, mmeziandika ninyi.

Mganga Mkuu wa Wilaya, ombi la mwisho ni kwako, nami nalisema kwa heshima zote. Timu yako ikija kwenye usimamizi shirikishi robo ijayo, naomba kabla hamjakagua usafi wa choo na saini za mahudhurio, mkae na watumishi kwa nusu saa, kitabu namba 5 kikiwa katikati yenu. Wahesabu wao, ninyi msikilize. Kama kasoro ni ya stoo, muondoke nayo ninyi mkaishughulikie wilayani, na mwezi unaofuata muwarudishie jibu. Na kwenye taarifa ya ziara hiyo, msiandike jina la mtumishi yeyote.

Asanteni sana kwa kunisikiliza. Wale wawili mlionyoosha mikono mwanzoni, tukutane kwenye chai mtueleze mlifanyaje.